Daraja lina ufa, mhandisi anatoboa tundu

Tuseme boriti ya chuma inayobeba daraja imepata ufa wa urefu wa kidole. Chini mto unapita, juu malori hayakatiki. Ungeulizwa ushauri, ungesemaje? Wengi wetu tungejibu papo hapo: aitwe fundi wa kuchomelea, auzibe.

Mhandisi wa madaraja anaweza kufanya jambo linaloonekana kituko kabisa. Anapanda na drili, anatafuta mahali hasa ufa unapoishia, kisha anatoboa hapo tundu la mviringo. Yaani chuma kimepasuka, naye anazidi kukipunguza! Na akishatoboa, huenda daraja likaendelea kutumika kwa miaka.

Ukielewa kwa nini tundu linasaidia, na kwa nini kuziba peke yake hakusaidii, utakuwa umeelewa sehemu kubwa ya kile wahandisi wanachokiita uchovu wa chuma. Basi tuanze na uchovu wenyewe.

Chuma huchokaje?

Chukua waya mwembamba, upinde huku, upinde kule. Mara ya kwanza haukatiki, mara ya tano haukatiki, ukiendelea unakukatikia mkononi. Hukuongeza nguvu hata kidogo, ulichoongeza ni idadi ya mara. Huo ndio uchovu wa chuma. Waya huchoka haraka kwa sababu unaupinda hadi unabaki umepinda. Boriti ya daraja hupinda kidogo mno lori linapopita, kisha inarudi ilivyokuwa, na macho hayaoni kitu. Kwa hiyo yenyewe inahitaji mamilioni ya mara. Shida ni kwamba mamilioni hayo inayapata.

Watu walichelewa kulijua hili. Tarehe 8 Mei 1842 treni iliyokuwa ikitoka Versailles kwenda Paris ilivunjika ekseli ya injini. Mabehewa yakapandana, moto ukawaka, na makumi ya abiria wakafa. Ekseli za injini zilikuwa zikibeba mzigo uleule siku zote, sasa kwa nini moja ivunjike siku hiyo? Aliyelichunguza swali hili kwa utaratibu ni August Wöhler, mhandisi wa reli za Prussia. Katika miaka ya 1850 na 1860 alitengeneza mashine za kupinda vyuma tena na tena huku zikihesabu mara. Akaonyesha kwamba chuma kinaweza kukatika kwa mzigo mdogo kuliko ule ambao kingeubeba mara moja bila tatizo, mradi mzigo huo urudierudie. Na kinachoamua zaidi ni tofauti kati ya mkazo wa juu na mkazo wa chini katika kila mzunguko.

Kwa daraja, maana yake ni hii: uzito wa daraja lenyewe, hata uwe maelfu ya tani, upo pale usiku na mchana. Haupandi wala haushuki, kwa hiyo wenyewe hauhesabiki kama mzunguko. Kinachochosha ni kile kinachokuja na kuondoka, yaani lori na treni.

Na ndani ya chuma kinatokea nini? Umewahi kumwangalia muuza vitambaa akikupimia mita mbili? Hakati kitambaa chote kwa mkasi. Anakata kidogo pembeni, anashika pande mbili, kisha anachana mpaka mwisho. Kabla ya kukatwa, kitambaa kilekile usingekichana kwa mikono kirahisi. Mkasi ulipopita, nguvu yote ya mikono imekusanyika kwenye nyuzi mbili tatu zilizo kwenye ncha ya mkato. Zikikatika hizo, nguvu inahamia kwa zinazofuata.

Ufa kwenye boriti hufanya vivyo hivyo, ila polepole. Lori likipita, ncha ya ufa inafunguka kidogo na kusogea mbele, labda chini ya elfu moja ya milimita. Lori lingine, hatua nyingine. Hakuna kelele, hakuna kupinda. Ufa ukifika urefu fulani, chuma kilichobaki kinashindwa kwa mkupuo mmoja.

Hesabu ya malori

Chukua daraja linalopitiwa na malori 2,000 kwa siku. Kwa miaka 50 hayo ni mizunguko milioni 36.5. Bajaji, bodaboda na gari dogo tunaweza kuziweka kando, mkazo wake ni mdogo mno. Tuhesabu malori tu.

Sasa kuna jambo ambalo watu wengi hawalitegemei. Kwenye sehemu zilizochomelewa, uharibifu unaoletwa na kila mzunguko hukua kwa kipeo cha tatu cha tofauti ya mkazo. Mkazo ukiwa mara mbili, uharibifu hauwi mara mbili, unakuwa 2 × 2 × 2, yaani mara nane.

Tulete hesabu hiyo nyumbani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima lenye mzigo. Tuseme lori limepita na tani 70. Limezidisha robo tu, na dereva ataapa kwamba gari lilikuwa linapanda mlima vizuri. Lakini 1.25 kwa kipeo cha tatu ni 1.95. Safari moja ya lori hilo imelichosha daraja la chuma karibu sawa na safari mbili za lori halali. Daraja halitaanguka siku hiyo wala mwaka huo. Limekula tu siku za mbele ambazo wengine walikuwa wazitumie.

Panapoanzia

Boriti ya kawaida ya daraja ina umbo la herufi I. Ina bapa la juu, bapa la chini, na ukuta mwembamba uliosimama katikati. Mzigo ukija, bapa la chini katikati ya daraja linavutwa, na kuvutwa ndiko kunakofungua nyufa. Ungedhani basi ufa utaanza pale chuma kilipo chembamba, au pale mkazo ulipo mkubwa zaidi. Mara nyingi sivyo. Ufa huanzia kwenye mshono wa kuchomelea, hasa pale kibamba kidogo kilipochomelewa juu ya chuma kikubwa.

Sababu ni tatu. Kwanza, umbo linabadilika ghafla, na mkazo hujikusanya kwenye kona. Pili, mshono huwa na dosari ndogondogo zisizoonekana: vipovu, uchafu wa madini yaliyoyeyuka, sehemu ambayo chuma hakikushikana vizuri. Hizo tayari ni mkato wa mkasi. Tatu, mshono ukipoa hunywea. Chuma kinachouzunguka hakikubali kunywea nao, kwa hiyo unabaki umevutwa hata kabla ya lori la kwanza kupita.

Ukubwa wa athari hii unashangaza. Kanuni za Marekani za usanifu wa madaraja zimegawa sehemu za boriti katika makundi, na kila kundi lina kiwango cha mkazo ambacho chini yake ufa hautarajiwi kukua. Kwa chuma kisafi kisicho na mshono, kiwango hicho ni megapaskali 165. Kwa ncha ya kibamba kinene kilichochomelewa juu ya bapa, ni megapaskali 18 tu. Chuma ni kilekile, kimetoka kiwanda kilekile. Ukiwa na mkazo uleule juu ya viwango vyote viwili, maisha ya cha kwanza ni zaidi ya mara 60 ya maisha ya cha pili.

Kununua chuma chenye nguvu zaidi hakuokoi. Ufa ukishakuwepo, hukua kwa mwendo unaokaribiana katika chuma cha kawaida na chuma cha nguvu. Tena chuma cha nguvu kinamshawishi mhandisi atumie vibamba vyembamba, mkazo unapanda, na uchovu unaongezeka.

Daraja la Yellow Mill Pond huko Bridgeport, Connecticut, lilifundisha wengi somo hili. Lilifunguliwa mwaka 1958 kwenye barabara kuu yenye malori mengi. Boriti zake zilikuwa zimeongezewa vibamba vya chuma chini ya bapa ili ziwe imara zaidi katikati. Mwaka 1970 boriti moja ilikutwa na ufa mkubwa ulioanzia kwenye mshono wa ncha ya kibamba hicho, ukalipasua bapa na kupanda ukutani. Zilipokaguliwa boriti nyingine, nyingi nazo zikakutwa na nyufa ndogo mahali palepale. John Fisher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lehigh walilifanya daraja hilo kuwa maabara, na sehemu ya kanuni tunazozitumia leo ilitokana na kazi zao. Kumbuka: kilicholeta ufa ni kile kibamba kilichowekwa kwa nia ya kuimarisha.

Hofu ya ufa iliyozaa nyufa

Kuna kisa cha pili cha namna hiyo. Tarehe 14 Machi 1938 daraja la kuchomelewa lilivunjika na kuanguka huko Hasselt, Ubelgiji, likiwa jipya kabisa. Baada ya hapo hofu ya kuchomelea kitu kwenye bapa linalovutwa ikaenea. Vibamba vya kukazia ukuta wa boriti vikawa vinachomelewa ukutani tu, na karibu na bapa inaachwa nafasi ndogo ya sentimita chache. Mantiki ilikuwa nzuri: bila mshono hakuna ufa.

Lakini boriti za daraja hazikai peke yake, zimeunganishwa kwa vyuma vya kukingama. Lori likipita upande mmoja, boriti moja inashuka kuliko jirani yake, na chuma cha kukingama kinavuta ukuta kwenda pembeni. Kibamba cha kukazia ni kigumu, bapa nalo ni gumu. Sehemu laini iliyobaki ni ile nafasi ya sentimita chache. Kupinda kote kunamalizikia hapo, huku na huku kama ule waya wetu. Nyufa zikaanza kujitokeza kwenye nafasi hizo katika madaraja mengi, na leo aina hii inahesabiwa kuwa chanzo cha nyufa nyingi kuliko nyingine zote katika madaraja ya boriti za chuma Marekani. Mwaka 1985 kanuni za huko zikageuka: kibamba kinachopokea chuma cha kukingama lazima kishikane na bapa.

Boriti mbili peke yake

Ufa mmoja una hatari kiasi gani? Inategemea daraja lina boriti ngapi za kusaidiana. Daraja la Lafayette huko Saint Paul, Minnesota, linalovuka Mto Mississippi, lilifunguliwa mwaka 1968 likiwa limebebwa na boriti kuu mbili. Mei 1975, hata miaka saba haijatimia, boriti moja ilikutwa imekatika. Bapa lote la chini lilikuwa limepasuka na ufa umepanda karibu ukuta mzima. Chanzo kilikuwa kibamba kidogo cha kuunganishia, ambacho mshono wake haukushikana vizuri. Uchovu ukaukuza ufa huo mpaka boriti ikashindwa. Bahati nzuri daraja lilishuka tu, halikuanguka. Boriti ya pili na sakafu ya zege viliubeba mzigo kwa muda. Boriti iliyokatika ikaunganishwa upya, na daraja likatumika kwa miongo mingine zaidi ya mitatu kabla ya kujengwa jipya.

Seoul hawakupata bahati hiyo. Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1994, kipande cha mita 48 cha Daraja la Seongsu kiliporomoka ndani ya Mto Han. Watu 32 walikufa, wengi wakiwa njiani kwenda shule na kazini. Daraja lilikuwa na miaka 15. Umbo lake lilikuwa tofauti na boriti tunazozizungumzia, lakini ugonjwa ni uleule: mishono duni katika vyuma vilivyoning'iniza kipande hicho, malori mengi na mazito kuliko yaliyotegemewa, na hakuna kiungo kingine cha kupokea mzigo.

Sasa turudi kwenye lile tundu

Hatari ya ufa iko kwenye ncha yake. Ncha ni kali mno, na ukali huo ndio unaokusanya mkazo. Ukitoboa tundu la mviringo hapo, ncha kali imeondoka na mahali pake pana ukingo wa duara. Mkazo unasambaa kuuzunguka ukingo badala ya kujazana mahali pamoja. Jaribu kwa karatasi: kata kidogo pembeni, vuta, uone inavyochanika. Kata nyingine hivyohivyo, kisha mwisho wa mkato toboa kwa panchi ya ofisini. Utahitaji kuvuta kwa nguvu zaidi.

Kazi yenyewe haina mchezo. Ncha ya ufa ni nyembamba kuliko unywele, na ufa huenda mbali kuliko jicho linavyoona. Kwa hiyo rangi hukwanguliwa, chuma kinasafishwa, na kinapakwa dawa nyekundu inayopenya. Dawa ya juu inafutwa, unga mweupe unapulizwa, na dawa iliyojificha ndani ya ufa inatoka na kuchora mstari mwekundu. Hapo ndipo unajua pa kutoboa. Tundu huwa na kipenyo cha sentimita mbili na nusu hadi kumi hivi, na ukingo wake husuguliwa hadi uwe laini, kwani mkwaruzo unaweza kuanzisha ufa mpya. Kipande cha chuma kilichotoka hakitupwi. Kinakaguliwa ili kuhakikisha kwamba ncha ya ufa imo ndani yake. Ukiikosa ncha kwa milimita chache, ufa utaendelea na safari yake kana kwamba hujafanya kitu.

Na kuchomelea? Haikukatazwa, lakini kufunika ufa kwa mshono na kuondoka ni kujidanganya. Ndani kunaweza kubaki sehemu ya ufa. Juu yake umeongeza mshono mpya, tena uliochomelewa juu kwa juu, kwenye jua na upepo, huku daraja likitikisika. Mshono huo nao utanywea ukipoa. Zile sababu tatu tulizozitaja zimerudi zote. Kuchomelea kunakubalika ufa ukiwa umesagwa wote hadi kwenye chuma kizima, mshono mpya ukapimwa, na ukasuguliwa usawa na chuma.

Hata hivyo tundu ni huduma ya kwanza tu. Tiba kamili inashughulikia kilicholeta ufa:

Boriti ikiwa imepungukiwa nguvu, vibamba hufungwa pande zote mbili kwa boliti za nguvu. Boliti hizo hukazwa mpaka vibamba vinabana boriti na mzigo unapita kwa msuguano. Hakuna moto, kwa hiyo hakuna mkazo mpya wa kunywea.

Mshono ukiwa na ufa mchanga au haujapasuka bado, unaweza kugongwagongwa kwa nyundo ya hewa. Uso wa chuma unabanwa, na chuma kilichobanwa hakifunguki kirahisi. Yellow Mill Pond ilitibiwa kwa njia hii, pamoja na kuyeyusha upya uso wa mishono.

Na kama tatizo ni ile nafasi ya sentimita chache ukutani, kuna njia mbili zinazoonekana kupingana. Unaweza kuikaza, yaani kukishikanisha kibamba na bapa ili pasipinde. Au unaweza kuilegeza kwa kukata sehemu ya kibamba, ili kupinda kugawane nafasi kubwa zaidi. Zote mbili hufanya kazi. Kisichofanya kazi ni kuacha mambo katikati.

Na madaraja yetu?

Reli za zamani za Kenya, Uganda na Tanzania zina madaraja ya boriti za chuma yaliyojengwa enzi za ukoloni, mengi yakiwa ya ribiti. Ribiti zina faida yake: boriti imeundwa kwa vibamba vingi vilivyofungwa pamoja, na kibamba kimoja kikipasuka ufa hauhamii moja kwa moja kwenye jirani yake. Lakini kwa hesabu ya Wöhler, umri wa daraja la namna hiyo hausomwi kwenye kibao cha mwaka wa ujenzi tu. Unasomwa kwenye idadi ya treni zilizopita na uzito wa ekseli zake.

Mkaguzi anayepita chini ya boriti haoni uchovu. Anachoweza kuona ni dalili zake, na iliyo wazi kuliko zote ni mstari mwembamba wa kutu ya kahawia unaotoka kwenye rangi karibu na mshono au ribiti. Ufa unaofunguka na kufunga huingiza maji na kutoa unga wa kutu. Ndiyo maana kupaka rangi mpya juu ya mstari huo bila kuuchunguza ni kosa kubwa: unafuta ushahidi, ufa unabaki.

Mizani ya barabarani nayo tumezoea kuiona kama foleni, au kituo cha kulipia faini. Kwa daraja la chuma ni kitu kingine. Kila lori linalorudishwa likashushe mzigo uliozidi ni mizunguko iliyookolewa, na hakuna drili wala boliti inayoweza kuirudisha mizunguko ikishatumika.